Ukishatoa, Nani Ana Haki ya Kuuliza? Njia za Kutoa kwa Hisani Zikilinganishwa Kisheria

Anayetaka kutoa kiasi kikubwa kwa hisani huanza na habari za kodi: nitapata nafuu gani, risiti itatosha au la. Si swali baya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: fedha zikishatoka mikononi mwangu, na mpokeaji akazipeleka kusiko, nani ana haki ya kwenda mahakamani? Kila njia ya kutoa ina jibu lake, na majibu hayo yanapishana kuliko watoaji wengi wanavyodhani.

Msingi wa sheria ni mkali. Zawadi iliyokamilika si mali ya mtoaji tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, aliyekabidhi fedha zake kwa shirika la hisani kwa kawaida hubaki mtazamaji. Anayepaswa kulinda nia yake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali au, kama ilivyo Uingereza na Wales, tume maalumu inayosimamia mashirika ya hisani. Ofisi za aina hiyo haziwezi kufuatilia kila zawadi, kwa hiyo ulinzi wako wa kweli unatokana na njia uliyochagua na maneno uliyoandika kabla ya kutoa.

Kwa shirika: bila masharti, au kwa masharti?

Zawadi isiyo na masharti ndiyo rahisi kuliko zote. Shirika linaweza kuilipia mishahara, kodi ya ofisi, umeme, au mradi ambao bado haujabuniwa. Wanaolitazama jambo hili kwa macho ya shirika watakwambia hiyo ndiyo fedha yenye thamani zaidi, na wana haki. Kisheria unachoweza kudai ni kidogo: kwamba shirika litumie fedha kwa malengo yaliyomo kwenye katiba yake. Kwa kiasi ambacho hutakosa usingizi kikienda tofauti na ulivyotaka, nasema toa bila masharti na uachane nacho.

Kiasi kikiwa kikubwa, masharti yanaingia, na hapo ndipo watu hukosea kwa kudhani masharti yote yana nguvu sawa. Yako ya ngazi tatu. Kuna ombi: “ningependa fedha hizi zisaidie wanafunzi.” Mahakama nyingi husoma maneno hayo kama matakwa tu. Kuna kizuizi cha matumizi: “fedha hizi ni kwa ufadhili wa masomo pekee.” Hicho kinambana mpokeaji, lakini si lazima kikupe wewe haki ya kushtaki. Halafu kuna sharti lenye matokeo: “zisipotumika hivyo, zihamie shirika fulani.” Hili ndilo lenye meno, kwa sababu linamzaa mtu wa tatu mwenye maslahi yake na sababu ya kufuatilia.

Tazama kesi mbili za Marekani. Taasisi ya Carl J. Herzog iliipa University of Bridgeport fedha za ufadhili kwa wanafunzi wasio na uwezo katika masomo yanayohusiana na tiba, na zikasaidia wanafunzi wa uuguzi. Mwaka 1991 chuo kikafunga shule yake ya uuguzi, na taasisi ikadai kwamba fedha zilikuwa zimechanganywa na za matumizi ya kawaida. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo la Connecticut haikufika hata kwenye swali la nani mkweli. Iliamua kwamba mtoaji ambaye hakujiwekea haki yoyote kwenye hati hana nafasi ya kushtaki, na kwamba kazi hiyo ni ya Mwanasheria Mkuu.

Kesi ya pili ni ya familia ya Robertson na chuo kikuu cha Princeton. Mwaka 1961 Marie na Charles Robertson walitoa hisa za thamani ya dola milioni 35 ili kuandaa wanafunzi wa shahada za juu kwa utumishi wa serikali, hasa katika mambo ya nje. Hawakukiandikia chuo hundi na kuondoka. Hisa ziliwekwa kwenye taasisi yenye usajili wake, ambayo bodi yake ilikuwa na wajumbe wanne walioteuliwa na chuo na watatu wa upande wa familia. Mwaka 2002 watoto wao walishtaki wakisema lengo limeachwa, na hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawahusiki, maana walikuwa ndani ya bodi. Shauri liliisha kwa maelewano Desemba 2008: dola milioni 40 za kurudisha gharama za kesi, na dola milioni 50 kwa taasisi mpya ya kuendeleza lengo lile lile. Chuo kilibaki na salio, nalo lilikuwa mamia ya mamilioni.

Watu huisimulia kesi ya Robertson kama ushindi wa watoaji. Mimi naiona kama onyo. Miaka sita ya mahakamani na makumi ya mamilioni kwa mawakili, kwa sababu neno “utumishi wa serikali” halikufafanuliwa kwa kipimo ambacho pande zote zingeweza kuhesabu. Wajumbe watatu kati ya saba waliipa familia sauti, lakini hawakuipa kura ya kutosha. Ukiiga mfano huo, ongeza kipimo na tarehe: wanafunzi wangapi, taarifa lini, na nini kifuate zisipotolewa.

Kuhusu majina kwenye majengo nitasema kwa ufupi. Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 mwaka 1973 na ukumbi wa Lincoln Center mjini New York ukapewa jina lake. Mwaka 2014 Lincoln Center ililazimika kuilipa familia yake dola milioni 15 ili ikubali jina liondolewe, na mwaka uliofuata David Geffen akatoa milioni 100 na kuwekwa jina lake. Aliyeandika neno “daima” kwenye mkataba wa Fisher alijua kazi yake. Ukiwa upande wa shirika, usilikubali neno hilo; weka miaka, au maisha ya jengo.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kushika usukani: ukijibakizia uwezo wa kurudishiwa fedha, au wa kuamua kila senti, mamlaka za kodi zinaweza kusema hujatoa bado, na nafuu ikapotea. Ndiyo maana sharti la “zihamie shirika jingine la hisani” ni bora kuliko “zirudi kwangu”.

Kwa shirika, au kwa mtu na kampeni za mtandaoni?

Kumchangia mgonjwa au familia iliyounguliwa na nyumba ni wema, lakini kisheria mara nyingi si hisani. Hisani katika sheria inadai manufaa ya umma au sehemu yake, si ya mtu mmoja aliyetajwa jina. Marekani, kwa mfano, mchango kwa mtu binafsi haupunguzi kodi yako hata awe na shida kiasi gani. Hilo si kosa la kukuzuia. Ni la kukumbuka usije ukadai nafuu isiyokuwepo.

Hatari kubwa ya kampeni iko kwenye ziada. Desemba 1951 basi liliwagonga wavulana makadeti wa kikosi cha wanamaji huko Gillingham, Uingereza, na 24 wakafa. Mameya wa eneo hilo walitangaza mchango kwa ajili ya mazishi, matunzo ya waliojeruhiwa, na “jambo jema” lolote ambalo mameya wangeona linafaa kwa kumbukumbu ya marehemu. Zilipatikana kama pauni 9,000, nyingi zikiwa zimedondoshwa kwenye makopo ya michango, na sehemu kubwa haikuhitajika. Mwaka 1958 mahakama iliamua kwamba “jambo jema” ni pana kupita hisani inayotambuliwa na sheria, kwa hiyo salio lilikuwa la wachangiaji wenyewe, watu ambao hakuna aliyewajua. Maneno matatu yangeepusha balaa lote: ziada itaenda wapi.

Tangu hapo Uingereza na Wales zimelegeza. Chini ya Charities Act ya 2022, mchango uliokwama wa shirika la hisani unaweza kuelekezwa kwingine bila kumtafuta aliyetoa pauni 120 au pungufu, isipokuwa alisema anataka arudishiwe. Lakini kanuni hiyo inahusu hisani. Haimwokoi rafiki yako anayekusanya michango kwenye simu yake.

Na huyo rafiki, ajue asijue, sheria za mapokeo ya Kiingereza humwona kama mdhamini, yaani anayeshika mali kwa niaba ya wengine. Fedha si zake. Akizichanganya na za nyumbani, akifilisika au akifariki, wadai wake na warithi wake wataanza kuzigombania. Kati ya kampeni mbili zenye shida inayolingana, chagua ile ambayo fedha zinaingia kwenye akaunti ya peke yake yenye watia saini wawili, au zinalipwa moja kwa moja hospitalini, na ambayo tangazo lake linasema ziada itafanywa nini. Tangazo lenyewe ndilo hati. Lipige picha.

Mfuko wa ushauri, au taasisi yako mwenyewe?

Hili ni swali la wenye nacho, na limekua zaidi Marekani, kwa hiyo takwimu nitakazotaja ni za huko.

Mfuko wa ushauri ni akaunti yenye jina lako ndani ya shirika kubwa la hisani. Unaweka fedha leo, unapata nafuu ya kodi leo, kisha unashauri polepole zipelekwe kwa nani. Wa kwanza ulianzishwa New York Community Trust mwaka 1931. Taasisi binafsi ni chombo chako: bodi yako, usajili wako, mahesabu yako.

Kwa kodi, mfuko unashinda waziwazi. Fedha taslimu zinazowekwa kwenye mfuko zinaweza kupunguza hadi asilimia 60 ya mapato yako ya mwaka yanayokokotolewa kwa ajili ya kodi. Kwa taasisi binafsi kikomo ni asilimia 30. Ukitoa ardhi au hisa za kampuni isiyo sokoni, kwa taasisi binafsi nafuu kwa kawaida huhesabiwa kwa bei uliyonunulia, si bei ya leo. Taasisi hulipa pia asilimia 1.39 ya mapato ya uwekezaji wake, na inalazimika kutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Mfuko hauna kiwango cha lazima cha kutoa, na hilo ndilo linalowaudhi wengi: fedha zilizokwisha kusamehewa kodi zinaweza kulala miaka mingi kabla ya kumfikia mwenye njaa. Wanaoudhika wana hoja.

Kwa usiri pia mfuko unashinda. Taarifa ya mwaka ya taasisi binafsi iko wazi kwa umma, na kila ruzuku imeorodheshwa. Mfuko unakuwezesha kutoa bila jina.

Basi kwa nini mtu achague taasisi? Kwa sababu kwenye mfuko wewe ni mshauri kweli kweli. Fedha ni mali ya shirika linaloushikilia, na likikataa ushauri wako huna kesi. Kwa kawaida huufuata, lakini kawaida si haki. Taasisi inakupa uamuzi wenyewe: kuajiri, kuendesha mradi wako, kutoa ufadhili wa masomo kwa utaratibu uliokubaliwa. Gharama yake ni sheria kali za kujinufaisha. Huwezi kuiuzia taasisi nyumba yako hata kwa bei ya chini, wala kuikopa. Unaweza kumlipa mwanao mshahara wa kazi halisi kwa kiwango halisi, na hapo ndipo wakaguzi huangalia kwanza.

Kama huna nia ya kukaa vikao na kulipa mhasibu, usifungue taasisi. Nyingi hufunguliwa kwa heshima ya jina, kisha huwaelemea watoto ambao hawakuulizwa.

Kutoa kiishe, au kuweka wakfu?

Wakfu wa Kiislamu na amana ya kudumu ya mapokeo ya Kiingereza vina wazo moja: shina libaki, matunda yagawiwe. Wazo hilo linarejea kwenye ardhi ya Umar bin al-Khattab huko Khaybar, ambayo Mtume alimshauri azuie asili yake na atoe mapato yake sadaka. Kwa wanazuoni walio wengi mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haipewi mtu. Madhehebu ya Maliki yanaruhusu hata wakfu wa muda.

Tofauti ya kuangalia kabla ya kuchagua iko kwenye familia. Wakfu unaweza kuwanufaisha wazao wako kwanza na maskini baadaye. Amana ya hisani haiwezi. Ikiinufaisha familia si ya hisani. Majaji wa Kiingereza waliokaa juu ya mahakama za makoloni walichanganya mambo hayo mawili, na mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, walibatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba maskini wamewekwa mbali mno. Malalamiko yalikuwa makubwa hata ikatungwa sheria ya kuuhalalisha India mwaka 1913. Kwa hiyo anayeweka wakfu wa familia aulize sheria ya nchi inasemaje, si fikihi peke yake.

Tofauti nyingine ni nini hutokea lengo likifa. Sheria ya Kiingereza huruhusu mahakama kuelekeza fedha kwenye lengo lililo karibu zaidi. Francis Jackson wa Boston aliacha fedha za kupigania kukomeshwa kwa utumwa. Alifariki 1861, na utumwa ukafutwa kwa katiba 1865. Mwaka 1867 mahakama ya Massachusetts haikuwarudishia warithi. Ilizipeleka kuwasaidia waliokuwa watumwa. Lakini mlango huo haufunguki kwa sababu tu kuna matumizi bora. Beryl Buck aliacha mali yake kwa ajili ya Marin, kaunti tajiri ya California. Hisa zake za mafuta zilipopanda hadi zaidi ya dola milioni 250, wasimamizi waliomba fedha zivuke mpaka kwenda kwa wenye shida zaidi. Mwaka 1986 wakakataliwa: lengo lilikuwa bado linawezekana. Kwenye wakfu, njia inayolingana ni kubadilisha mali iliyochakaa kwa nyingine kwa idhini ya kadhi, na wanafikihi wanatofautiana sana juu ya mipaka yake.

Usimamizi hupita hati. Benjamin Franklin, aliyefariki 1790, aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, zikopeshwe mafundi vijana kwa miaka 200. Mwaka 1990 mfuko wa Boston ulikuwa na zaidi ya dola milioni 4, wa Philadelphia kama milioni 2. Masharti yale yale, kiasi kile kile.

Kama lengo lako ni shida inayoweza kwisha, toa fedha ziishe nayo. Wakfu unafaa kwa jambo ambalo wajukuu wa wajukuu watalihitaji kwa hakika: maji, elimu, tiba, mahali pa ibada.

Sasa, au kwa wasia?

Wasia una faida moja kubwa: unaweza kuubadilisha hadi pumzi ya mwisho. Zawadi ya leo haibadiliki. Uingereza inaongeza kishawishi: kodi ya mirathi ya asilimia 40 hushuka hadi 36 ikiwa angalau asilimia 10 ya sehemu ya mirathi inayotozwa kodi inakwenda kwa hisani.

Kikwazo ni warithi. Kwa sheria ya Kiislamu wasia hauvuki theluthi bila ridhaa yao, na zawadi iliyotolewa katika ugonjwa wa mauti huhesabiwa ndani ya theluthi hiyo hiyo, kwa hiyo kukimbilia kutoa kitandani hakusaidii. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja anaweza kugawa atakavyo nusu ya mali. Mwenye wawili theluthi. Mwenye watatu au zaidi robo.

Kikwazo cha pili ni uandishi. Caleb Diplock, aliyefariki 1936, aliagiza mali yake iende kwa malengo “ya hisani au ya ukarimu”. Wasimamizi waligawa zaidi ya pauni 200,000 kwa taasisi 139. Mwaka 1944 mahakama ya juu ya Uingereza ikabatilisha agizo lote, kwa kuwa hilo “au” liliruhusu fedha ziende kwenye ukarimu usio hisani. Ndugu wakaanza kuzidai taasisi zilizokwisha kuzipokea, hospitali zikiwamo, na wakafanikiwa. Kwenye wasia taja jina kamili la shirika, namba yake ya usajili, na litakaloshika nafasi yake likiwa limefungwa.

Fedha taslimu, au mali yenyewe?

Tukubaliane haraka kuhusu karatasi: tunza risiti. Marekani hudai barua ya mpokeaji kwa mchango wa kuanzia dola 250, na tathmini ya mtaalamu kwa mali nyingi zinazozidi dola 5,000. Ukivuka mpaka uliza kwanza; Marekani kwa kawaida haikupi nafuu kwa mchango wa moja kwa moja kwa shirika la nje, ilhali ndani ya Umoja wa Ulaya kesi ya Persche ya 2009 ilizuia nchi kukataa nafuu kwa sababu tu mpokeaji yuko nchi nyingine mwanachama. India inadai kibali kabla shirika halijapokea fedha za kigeni, na tangu 2020 fedha hizo haziruhusiwi kupitishwa kwa shirika jingine.

Hisa zilizopanda thamani ni bora kutolewa zenyewe kuliko kuuzwa kwanza. Uingereza na Marekani zote humwondolea mtoaji kodi ya faida ya mtaji na bado humpa nafuu kwa thamani ya siku hiyo, ingawa Marekani inataka uwe umezishika zaidi ya mwaka mmoja. Mtego uko kwenye tarehe. Kama mauzo yalikwisha kukubaliwa na kuwafunga wahusika kabla hujakabidhi, mamlaka ya kodi itasema ulizotoa ni fedha za mauzo, na kodi ya faida itakurudia wewe. Likabidhi shirika hati za kuhamisha hisa kabla mnunuzi hajatia saini chochote.